Miaka minne chini ya mwembe

Mwanangu mkubwa alipokua na miaka mitano alirudia kukojoa kitandani. Alikua ameshaacha kabisa, mpira wa kitandani nilishaugawa kwa jirani, alafu ghafla kila asubuhi shuka limelowa na yeye kajikunyata pembeni analia kimyakimya ili baba yake asisikie. Tukampeleka hospitali, wakapima mkojo, hana kitu. Ni bibi yake, mama mkwe wangu, aliyesema huyu mtoto haumwi, ana hofu, hebu muulizeni huko anakoshinda kuna nini.

Huko alikokua anashinda ni chekechea moja ya hapa mtaani kwetu Tanga, sitaitaja. Watoto wengi, walimu wawili, ukikosea herufi unachapwa kiganja. Jioni anarudi na homuweki, andika a mpaka z mara kumi, mtoto ambaye hata kifungo cha shati hajui kukifunga, na mimi mama yake ndo nilikua namsimamia mpaka saa tatu usiku, hulali mpaka umalize. Hilo linaniuma kuliko kile kiboko cha mwalimu, kwamba hata nyumbani hakua na pa kupumzikia. Nikamtoa. Umri wa darasa la kwanza alikua bado, nikasema acha akae nyumbani na mdogo wake wa miaka mitatu tuone. Sikua na mpango wowote wa maana, nataka mjue hilo, maana siku hizi watu wakiwasikia wanangu wanaongea habari za ndege na maji kupwa wanadhani nilijua ninachofanya tokea mwanzo.

Mi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani. Uani kuna mwembe mkubwa na chini yake ndo meza yangu ya kukatia. Baba yao ni dereva wa masafa, wiki yupo wiki hayupo. Kwa hiyo darasa lilikua hapo, mwembe, meza, cherehani, mkeka, na mama mkwe na ungo wake wa mchele.

Wiki za kwanza nilifanya nini? Nilinunua chati za herufi nikazibandika ukutani, nikapanga ratiba, saa mbili kuandika, saa tatu hesabu, saa nne kuandika tena. Yani nilihamisha ile chekechea nikaileta sebuleni kwangu, kilichopungua ni kiboko tu, na sauti yangu ilikua inatosha kuwa kiboko. Siku moja mteja wangu, mwalimu mstaafu, alikuja kuchukua gauni akanikuta namfokea mtoto kwa sababu kageuza d ikawa b. Hakusema kitu. Kesho yake akanitumia kwenye simu faili la kitabu cha zamani sana cha mwanamke wa Kiingereza anaitwa Charlotte Mason, kakiandika 1886, akaniambia kisome taratibu huna haraka.

Huyu mama alizaliwa 1842 akafariki 1923, yeye mwenyewe hakua na mtoto, lakini maisha yake yote aliyatoa kwa watoto na wazazi, na 1892 akafungua chuo huko Ambleside, kaskazini mwa Uingereza, cha kuwafundisha mabinti wanaokwenda kufundisha watoto majumbani. Kiingereza chake ni kizito, nilikua nasoma kurasa mbili kila usiku na kamusi pembeni. Anachosema kwa kifupi ni kwamba mtoto wa chini ya miaka sita asibanwe mezani, ashinde nje, tena masaa manne mpaka sita siku hali ya hewa ikiwa nzuri. Akianza masomo, somo liwe fupi, dakika 15 au 20 lakini akili yote iwe pale. Asomewe vitabu vyenye uhai, vilivyoandikwa na mtu anayelipenda jambo lake. Awe na daftari la kuchora alichokiona kwa macho yake. Na akishasomewa mara moja tu, asimulie yeye mwenyewe kwa maneno yake.

Nilipofika hapo kwenye kusimulia niliweka simu chini. Nilimkumbuka bibi mzaa mama kule Muheza, hadithi njoo utamu kolea, alikua akitusimulia leo basi kesho kabla hajaendelea anauliza jana niliwaachia wapi, na mmoja wetu lazima aisimulie yote tokea mwanzo na asiruke kitu, akiruka wenzake wanamrukia. Bibi hakwenda shule hata siku moja. Nilikaa pale kitandani nikaona kumbe hiki ninachokitafuta kwa kamusi nilishapewa nikiwa na miaka sita.

Ila kabla sijaelewa vizuri nilifanya kosa jingine ambalo nawaomba wazazi wenzangu mnisikilize. Niliingia intaneti nikachukua ratiba za wazazi wa Uingereza na Marekani wanaofuata njia hii, nikaziprinti. Mwezi wa kumi angalieni majani yanavyogeuka rangi. Mwezi wa pili tafuteni ua la kwanza linalochomoza kwenye theluji. Na mimi nikawa nawaonyesha watoto picha za hayo maua kwenye simu, wanachora maua ya kwenye simu, huku juu ya vichwa vyao mwembe umejaa viumbe na hakuna anayeutazama. Mwezi wa kumi hapa kwetu majani hayageuki rangi, mwezi wa kumi unasubiria vuli na maembe machanga yanadondoka kwenye bati. Nilikuja kuzitumia zile karatasi kukatia patani za kola.

Siku ya kwanza ya kweli, mimi naiita hivyo, haikupangwa. Nilikua na oda ya sare, nimewaambia chezeni. Mkubwa akalala chali kwenye mkeka, anatazama juu, katulia mpaka nikaingiwa na wasiwasi. Kumbe anaangalia maji moto, wale siafu wekundu wa kwenye miembe na minazi. Walikua wanavuta majani mawili yakutane. Jani liko mbali, basi siafu mmoja anamshika mwenzake kiunoni, na huyo anashikwa na mwingine, wanafanya mnyororo, wanavuta kidogo kidogo. Nikafungua mdomo nieleze. Sijui hata nilitaka kueleza nini maana sikua najua chochote kuhusu maji moto zaidi ya kwamba wanauma, lakini ni ile tabia ya mzazi, mtoto akiangalia kitu unataka uwe umekisema wewe. Mama mkwe akanigusa goti. Akasema muache.

Nikamuacha. Walikaa pale mpaka adhana ya adhuhuri, yeye na mdogo wake, wakasogeza kigoda wakapanda, mdogo akasogeza mkono akaumwa na akalia sana, tukapaka mate, akarudi tena. Alafu mkubwa akaja kwenye cherehani akanivuta kanga. "Mama, wanashona. Wameshika vitu vyeupe wanapitisha huku na huku kama wewe na uzi."

Nilimjibu ndio mwanangu, lakini kwakweli nilidhani ni maneno ya mtoto. Usiku nikatafuta. Ni kweli wanashona. Vile vyeupe ni mabuu, watoto wao, na hao watoto ndo wanaotoa uzi kama wa hariri, mkubwa anamshika mdogo kwa mdomo anampitisha kwenye kingo za majani mpaka yanashikana. Mwanangu wa miaka mitano alikiona kwa macho yake kitu ambacho mimi nimeishi chini yake miaka minane nikishona na sijakiona. Kesho yake mama mkwe akaongezea la kwake, kwamba kwao wazee hawakua wanachoma viota vya maji moto kwenye minazi, na hilo nalo nikalikuta ni sahihi, wanamla yule mdudu anayefyonza nazi changa zikadondoka kabla ya wakati. Tukanunua kaunta buku, moja moja, na penseli za rangi. Ukurasa wa kwanza wa mkubwa ni kiota cha maji moto. Hakifanani na kiota, ni kama kiazi, lakini ule mnyororo umechorwa, siafu sita, kila mmoja kashika kiuno cha mwenzake.

Tukawa tunatoka. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu kabla jua halijawa kali, saa nzima, wakati mwingine mpaka saa tatu kama sina oda. Hatuendi mbali. Kuna mchezo mmoja wa huyo mama Charlotte tuliupenda sana, unamtuma mtoto aende mpaka pale kwenye ukuta au mti fulani aangalie, arudi akueleze kila alichokiona, wewe umekaa hapa hujaenda. Wanagombania nani kaona vingi. Mwanzo wanakuja na "nimeona mti, nimeona mbuzi". Baada ya miezi miwili mdogo anarudi anasema nimeona mbuzi ana masikio mawili lakini moja limechanika na kinyesi chake kimekauka kimegeuka cheupe na kuna mdudu anakisukuma. Hiyo ndo tofauti.

Majina niliyapata kwa mama mkwe. Mimi nilikua najua ndege, basi, ndege. Yeye ni Mbondei wa shamba, anakwambia yule chozi, huyu mnana, yule tetere, yule kwenye ng'ombe yangeyange, na wale kunguru wenye shingo ya kijivu wanaotuibia sabuni hawakuwepo zamani hizo zote, waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 wakaenea mwambao. Hilo la kunguru ni la kwangu mimi nilisoma, yeye anawaita wezi tu. Majina mengine alikua anayajua kwa Kibondei peke yake, tukayaandika hivyo hivyo kwenye daftari. Mtoto akishajua jina la kitu hakipiti tena bila kukisalimia. Na mama mkwe ambaye mwanzo alikua na mashaka, mtoto asiyekwenda shule atakuja kuwa nani, alianza kuamka mapema kuliko sisi, kashajitanda ushungi anasubiri mlangoni.

Sasa kusimulia. Hapa ndo nilikosea muda mrefu zaidi. Nikimaliza kuwasomea hadithi nilikua nauliza, sungura alienda wapi? Nani alimwambia fisi? Kisima kilikua cha nani? Mtoto anajibu neno moja moja macho yako mlangoni. Mtihani ule ule. Nikaja kuacha maswali yote, nafunga kitabu nasema haya nisimulie, alafu nanyamaza. Jamani kunyamaza ni kazi. Mara ya kwanza alikaa kimya mpaka nikasikia saa ya ukutani, mwisho akasema "kulikua na fisi, basi". Nikamwambia ahsante, tukaenda kula. Sikumsahihisha, sikuongeza. Wiki nzima ilikua hivyo, kulikua na fulani, basi. Wiki ya pili sentensi tatu.

Mwezi wa tatu nikamsomea ile ya Abunuwasi na sufuria, mnaijua, kaazima sufuria kwa jirani akairudisha na kisufuria kidogo ndani akasema imezaa, jirani akafurahi akapokea, akaja kuazima tena akasema sufuria imekufa. Mkubwa aliisimulia yote, na sauti ya jirani, na sauti ya Abunuwasi, alafu akasimama katikati akasema, "Kumbe alikubali kwamba imezaa kwa sababu alikitaka kile kidogo. Ilipokufa ndo akasema sufuria haifi." Sikumuuliza funzo la hadithi ni nini. Ningemuuliza, angenipa sentensi ya kukariri kama zile tulizokua tunaandika sisi shuleni, hadithi hii inatufundisha kwamba. Na mdogo, ambaye nilikua simhesabu kabisa, ana miaka mitatu na miezi kadhaa, nilimsikia usiku chini ya meza anamsimulia mdoli wake wa vitambaa, sufuria imekufa, innalillahi.

Vitabu vilikua shida na bado ni shida. Vitabu vya Kiswahili vya watoto vipo lakini vingi ni vya darasani, hadithi kurasa mbili maswali kurasa tatu. Tulikua tunaenda maktaba ya mkoa hapa mjini, na vitabu vya mitumba vya Ngamiani nilikua napekua kama napekua nguo. Nilijifunza kipimo changu mwenyewe, nasoma ukurasa mmoja kwa sauti pale pale sokoni, kama mimi mtu mzima nataka kujua kinachofuata nanunua, kama nasikia tu mtu anamfundisha mtoto adabu narudisha. Na usiogope maneno makubwa. Mkubwa alipofika miaka saba nilijaribu kumsomea Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, mtu wa huku huku kwetu Tanga, kazaliwa 1909, nikijua atachoka siku ya pili maana maneno mengine hata mimi nayatafutia maana. Kurasa mbili kila usiku. Yeye ndo alikua ananikumbusha, mama, leo bado wale manyani. Maneno asiyoyajua alikua anayaelewa kwa jinsi yalivyokaa, na mengine anayatumia vibaya kwa majirani wiki nzima mpaka yanakaa sawa.

Hadithi nyingine nilikua nazitoa kwenye mambo ya kweli. Ya silikanti ndo iliombwa kuliko zote. Kwamba kuna samaki wanasayansi walidhani ametoweka tangu enzi za dinosaria, wanamjua kwa mawe tu, alafu 1938 wavuvi wakamvua Afrika Kusini, na dada mmoja wa makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer, ndo akamuona kwenye rundo la samaki akasema huyu sio wa kawaida. Na kwamba samaki huyo yupo hapa Tanga, wavuvi wetu wamemvua kwenye nyavu za kina kirefu, na toka 2009 kuna hifadhi ya bahari yenye jina lake. Mdogo aliuliza, je yule dada angempika? Aliwaza hilo siku nyingi, anatuangalia tukiparua changu anauliza huyu mna uhakika anajulikana?

Baharini tulikua tunaenda wikiendi, na mzee mmoja mvuvi ndo mwalimu wetu pale. Alitufundisha bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji yanajaa sana na kupwa sana, na katikati yake maji mafu. Tukawa tunachora mwezi kila usiku na kuandika saa maji yalipojaa. Mkubwa alijifunza kusoma saa kwa njia hiyo, wala sikumfundisha na saa ya karatasi, jana yamejaa saa nne, leo saa tano kasoro dakika kumi, kila siku yanachelewa kama dakika 50. Siku tulipokwenda Tongoni, baada ya kuona magofu na yale makaburi ya nguzo, tulishuka kwenye mikoko. Mzee wa pale akawaonyesha mkoko, mchu, mkandaa, mlilana, msinzi. Akawaambia walambe jani la mchu. Chumvi! Mti unakunywa maji ya bahari alafu chumvi unaitolea kwenye majani. Na mizizi yake imechomoza kwenye tope kama penseli, inavuta hewa. Mdogo alilamba majani mpaka nikamzuia.

Usiku ambao siwezi kuusahau ni wa mbuyu. Nilikua nimesoma kwamba ua la mbuyu linafunguka jioni tena haraka hata kwa macho unaliona, na popo ndo wanaokuja kulichavusha, kesho yake linadondoka. Karibu na kwetu kuna mbuyu, watu wanauogopa, wanasema una wenyewe. Tulikwenda wote, hata baba yao alikua amerudi, tukatandika mkeka, tukachagua ua moja la chini. Magharibi ikaingia, hamna kitu. Mdogo akalala. Mkubwa kakaza macho. Alafu likaanza kutetema, yani kama mtu anavua kilemba, upande mmoja, upande mwingine, jeupe kabisa gizani. Hakuna aliyesema neno. Baba yao, mtu ambaye miezi yote hiyo alikua ananiuliza hivi hawa watoto wanasoma lini, alivua kofia. Popo hatukuwaona wakitua pale lakini tuliwasikia juu. Asubuhi tukarudi, ua liko chini, limekua la kahawia na linanuka vibaya, wakalichora hivyo hivyo.

Kusoma kwenyewe sasa. Nitasema ukweli kwamba niliogopa. Mtoto wa jirani ana miaka mitano anasoma vichwa vya habari vya gazeti, wangu ana sita anajua maji moto. Kuna usiku nilikua silali, najiambia nimemharibia mtoto maisha kwa ajili ya kitabu cha Mzungu wa karne nyingine. Tulikua tunafanya silabi dakika 15 kila siku, sio zaidi, na maneno nilikua nayatoa kwenye madaftari yao, kaa, popo, kuku, bata, tetere. Kiswahili kina huruma, kinaandikwa kama kinavyotamkwa, mtoto akishashika ba be bi bo bu mlango uko wazi. Lakini wa kwangu alikua anasimama hapo hapo mlangoni, miezi. Alipofika sita na nusu, siku moja nimemtuma dukani, akarudi kashika mfuko wa unga anasoma maandishi yote mpaka uzito na anuani. Nilikaa chini kwenye ngazi. Mdogo yeye alisoma ana miaka mitano na miezi miwili bila hata mimi kujua nani kamfundisha, nadhani kaka yake. Hawafanani, na hakuna nilichofanya tofauti.

Watu walikua wanauliza, hawatakua wapweke? Alasiri walikua wanaenda chuo, madrasa, na watoto wenzao wote wa mtaa, na jioni uani kwangu kulikua na watoto kumi na tano juu ya mwembe. Sio upweke uliokua shida, shida ilikua muda wangu. Mwezi wa Ramadhani kuelekea Iddi nguo zinajaa mpaka dari, mwaka wa kwanza nilijaribu kufundisha na kushona, nikawa mama mbaya na fundi mbaya kwa wakati mmoja. Miaka iliyofuata Ramadhani nilifunga masomo kabisa. Bibi anawasimulia, wanacheza, wanachora wakitaka. Tulivyorudi baada ya Iddi hakuna kilichopotea.

Mkubwa alipofikisha saba tulimwandikisha darasa la kwanza, shule ya msingi ya serikali, ndo sheria na mimi sikutaka kugombana na sheria. Wiki mbili za kwanza alilia. Kusoma na kuhesabu hakua na tatizo, lakini mwandiko ulikua wa polepole mno, wenzake wanamaliza ubao umefutwa yeye yuko mstari wa pili. Hili ni kosa langu na nalisema wazi. Nilichukia ile a mpaka z mara kumi kiasi kwamba nikatupa na mazoezi ya mkono yenyewe. Kwa mdogo nilibadilisha, kuanzia miaka sita kila siku dakika kumi, mistari mitano anakopi kutoka kwenye kitabu anachokipenda, kwa herufi nzuri, mistari mitano tu lakini kila siku. Kaingia darasa la kwanza mwezi wa kwanza mwaka huu na mkono wake unakwenda na wenzake. Mkubwa sasa yuko la tatu, mwandiko umekaa, na mwalimu wake alishaniita kuniambia anauliza sana. Nilimwambia nisamehe mwalimu, alafu nikamwambia mtoto asiache kuuliza ila anyooshe kidole.

Asubuhi zetu zimekufa, shule inaanza mapema. Tumebaki na Jumamosi na Jumapili, na ile nusu saa ya kusomewa usiku, hiyo haijakosa hata siku moja, umeme ukikatika tunawasha tochi ya simu.

Tuna mkonge wetu mmoja kando ya barabara ya kwenda kwa shangazi yao, tumeufuatilia zaidi ya mwaka. Ulitoa mlingoti, ukapanda juu kuliko nyumba, ukatoa maua, na mkonge ukishatoa maua ndo umemaliza, unakufa. Niliwasimulia kwamba mikonge yote hii ya Tanga waliyoikuta babu zao mashambani ilianzia 1893, Mjerumani mmoja Richard Hindorf aliagiza vitoto 1,000 kutoka Florida huko Marekani na vilivyofika hai ni 62. Mkubwa alihesabu njiti 62 akazipanga mezani kwangu kuzunguka cherehani, akatoa na 938 zilizokufa kwa kuandika maana njiti zilikua hazitoshi. Mdogo hakusema kitu. Jumapili iliyofuata tulipopita, mlingoti umejaa vitoto vya mkonge, na vingine vimeshadondoka chini. Akaokota vitatu akavifunga kwenye ncha ya kanga yangu. Amevipanda kwenye kopo la mafuta pale penye mwembe. Kimoja kimeoza. Viwili vina majani, tulivipima juzi kwa futi yangu ya kushonea, kimoja sentimita kumi na moja, kingine tisa na nusu.